Kinyozi Hajinyoi: Somo juu ya Wakaguzi wa Ndani

Kila mmoja wetu aijua siku ile ambayo Mkuu wa Shule hutangaza kwamba wiki ijayo mkaguzi wa shule atakuja. Mara hiyo hiyo mambo hubadilika. Nyasi hukatwa, mawe ya kandokando ya njia hupakwa chokaa, madaftari ya mahudhurio yaliyolala wiki tatu hujazwa kwa usiku mmoja, na hata maharagwe ya mchana huchambuliwa vizuri kuliko desturi. Mkaguzi huja, hutazama, huandika, hunywa chai, huenda zake. Wiki ya pili yake maharagwe yana mawe tena.

Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Nataka tujiulize swali moja: Je, mkaguzi yule aliiona shule yetu? Aliona shule iliyonawa uso. Shule ya siku zote huonwa na wale wanaoishi ndani yake. Basi ikiwa wao ndio waionao, kwa nini wasifundishwe kuikagua? Hilo ndilo somo letu, ila tutalisoma katika kazi za biashara na viwanda, kwa sababu huko ndiko wengi wenu mtakakokwenda kutafuta riziki.

1. MAANA YA UKAGUZI WA NDANI

Ukaguzi wa kazi ni wa namna tatu. Namna ya kwanza ni pale kampuni inapojikagua yenyewe, kwa niaba yake yenyewe. Huu ndio ukaguzi wa ndani. Ya pili ni pale mnunuzi anapokwenda kumkagua yule anayemwuzia. Ya tatu ni pale mtu wa mbali, asiye muuzaji wala mnunuzi, anapoitwa kukagua na kutoa hati. Mkaguzi wa shule tuliyemtaja yu karibu na namna hii ya tatu.

Msichanganye ukaguzi huu na ule wa fedha. Mkaguzi wa hesabu huuliza: Je, fedha zimeandikwa sawasawa? Mkaguzi wa ubora huuliza: Je, kazi inafanywa kama tulivyokubaliana ifanywe, na je, njia hiyo yatuletea kile tulichokitaka? Hata hivyo kwa Kiingereza jina lao ni moja, nalo limetokana na neno la Kilatini ambalo maana yake ni kusikia. Zamani hesabu zilisomwa kwa sauti, na mkaguzi aliketi akasikiliza. Likumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Shirika la Kimataifa la Viwango, liitwalo kwa kifupi ISO, lilianza kazi mwaka 1947, na makao yake yako Geneva, nchi ya Uswisi. Mwaka 1987 shirika hilo lilitoa kwa mara ya kwanza kanuni za kusimamia ubora ziitwazo ISO 9001. Kabla yake Waingereza walikuwa wametoa kanuni zao za namna hiyo mwaka 1979. Kanuni za ISO 9001 zilirekebishwa mwaka 1994, 2000, 2008 na 2015.

Kanuni hizo hazisemi kiatu kiwe na soli ya namna gani, wala samaki awe na uzito gani. Zasema kwamba kampuni yoyote, kubwa au ndogo, iamue kazi yake ifanywe vipi, iifanye hivyo, iweke ushahidi kwamba imeifanya hivyo, tena ijitazame kila baada ya muda uliopangwa. Katika toleo la mwaka 2015 jambo hili la kujitazama limo katika sehemu ya 9.2, wala si hiari: kampuni itakayo hati sharti iwe na ukaguzi wa ndani. Kitabu kingine, ISO 19011, kilichotolewa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2011 na 2018, chaeleza namna ya kukagua na namna ya kuwapima wakaguzi wenyewe.

2. YALIYOTUPATA ZIWANI

Labda mtu atasema, "Mambo hayo ni ya Geneva. Sisi wa Uganda yatuhusu nini?" Basi na tuliangalie ziwa letu.

Samaki mkubwa ambaye sisi humwita mputa, Wajaluo humwita mbuta, na Watanzania humwita sangara, hakuwako zamani katika Ziwa Viktoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950. Baadaye akazaana mno, viwanda vikajengwa kando ya ziwa, na minofu yake ikawa yapelekwa Ulaya kwa ndege. Watu wengi wakapata kazi: wavuvi, wachukuzi, wauza barafu, wakata minofu, makarani na madereva.

Kati ya mwaka 1997 na 1999 mlango wa Ulaya ukafungwa zaidi ya mara moja. Mara ilikuwa kwa hofu ya vijidudu vya salmonela, mara kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa habari za watu waliotia sumu majini ili wapate samaki kwa urahisi. Viwanda vilisimama au kupunguza kazi, wafanyakazi wakarudishwa makwao, na mvuvi akarudi pwani na samaki asiyekuwa na mnunuzi wa bei ya jana. Aliyetia sumu na asiyetia waliumia pamoja, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hakuweza kumtenga huyu na huyu.

Lililoangaliwa na wataalamu wa Ulaya halikuwa nyama ya samaki peke yake. Walitaka kujua pia: Ni nani anayekagua? Kwa kanuni gani? Maandishi yako wapi? Hapo ndipo upungufu mkubwa ulipoonekana. Idara ya samaki ya Uganda ikaandika taratibu mpya za ukaguzi, wakaguzi wakafundishwa, viwanda vikatengenezwa, na mwaka huo huo wa 1999 njia ikaanza kufunguliwa tena kwa Uganda.

Hapa tunajifunza jambo. Mtu aweza kuwa mwaminifu, na samaki wake akawa mzuri, lakini asipokuwa na ushahidi, uaminifu wake hauvuki bahari. Na ushahidi haukusanywi siku mgeni anapobisha hodi. Hukusanywa kila siku, na watu wa ndani.

3. KWA NINI WENGI, SI MMOJA?

Tuwaze kiwanda kimoja cha samaki, ambacho ni cha mfano tu. Kina idara sita: mapokezi, kukata minofu, chumba cha barafu, kufungasha, ghala na maabara. Mkubwa wa kiwanda, kwa kuogopa gharama, ampeleka mtu mmoja akasomee ukaguzi, naye ni msimamizi wa maabara, kwa kuwa ndiye aliyesoma kuliko wote. Bwana huyu arudi na cheti, akague idara tano kwa bidii. Je, maabara ataikagua nani?

Waswahili wamekwisha kutujibu: Kinyozi hajinyoi. Si kwamba kinyozi ni mjinga au mwizi. Mkono wake waujua wembe vema, lakini kisogo chake hakioni. Toleo la ISO 9001 la mwaka 2008 lilisema waziwazi kwamba mkaguzi asikague kazi yake mwenyewe. Lile la mwaka 2015 lataka wakaguzi wachaguliwe kwa namna itakayohakikisha kwamba ukaguzi hauna upendeleo.

Basi tuwafundishe wawili? Kwa sheria yatosha, maana huyu atamkagua yule, na yule atamkagua huyu. Lakini fikirini vema. Ikiwa leo mimi nakukagua wewe, na kesho wewe wanikagua mimi, pana mlango wa mapatano yasiyosemwa kwa mdomo: nistiri nikustiri. Tena mmoja wao akihama au akiugua, tumerudi pale pale pa kinyozi.

Tuwafundishe watatu, na mambo yabadilika. Wa kwanza amkague wa pili, wa pili amkague wa tatu, na wa tatu amkague wa kwanza. Hapo hapana mtu anayemkagua yule anayemkagua yeye. Jaribuni kupanga hivyo kwa watu wawili, mtaona haiwezekani. Hiyo ni hesabu ndogo, lakini ndani yake mna haki kubwa.

Sasa tuseme kiwanda chetu chafundisha watu sita, mmoja kwa kila idara, na kila idara yatakiwa kukaguliwa mara mbili kwa mwaka. Kazi zote ni kaguzi 12. Mtu mmoja angezifanya zote angeacha kazi yake ya kila siku, au angezifanya ovyo. Wakigawana watu sita, kila mmoja ana kaguzi mbili tu kwa mwaka. Tena kuna faida ambayo haiandikwi katika hesabu: mtu aliyefundishwa kuuliza maswali katika idara ya mwenzake hurudi kwake akiwa na macho mapya, akaanza kuona mambo aliyokuwa akiyapita kila siku bila kuyaona.

4. WATU GANI WACHAGULIWE?

Wengi hudhani mkaguzi sharti awe mtu mwenye cheo. Sivyo. Karani, fundi, au msimamizi wa zamu ya usiku aweza kuwa mkaguzi mzuri, mradi awe na tabia hizi.

Kwanza, awe mtu wa kusikiliza. Kumbukeni asili ya lile jina. Mkaguzi anayesema sana husikia kidogo.

Pili, awe mkweli, asiyeongeza wala kupunguza. Akikuta mambo kumi mazuri na moja baya, aandike yote kumi na moja.

Tatu, awe na siri. Atakayoyaona katika idara ya mwenzake yapelekwe panapostahili, yasiwe hadithi ya kusimulia wakati wa chai.

Nne, awe na adabu. Mara nyingi kijana atamkagua mtu mzima aliyeanza kazi hiyo kabla yeye hajazaliwa. Asipojua kumheshimu, hataambiwa lolote.

Wala yule mwenye maneno makali, apendaye kukamata watu, asichaguliwe, hata kama yeye ndiye aliyejiandikisha wa kwanza. Mtu wa namna hiyo akipewa kalamu na daftari, kwa mwezi mmoja atawafundisha wenzake wote kuficha.

5. MAFUNZO YENYEWE

Mafunzo yaende kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza ni darasani, nayo aghalabu huchukua siku mbili au tatu. Hapo hufundishwa kanuni, na jinsi ya kuzisoma pamoja na taratibu za kampuni yenyewe. Mkaguzi asiyejua lililoandikwa hawezi kusema limevunjwa. Hapo pia hufundishwa kuandaa orodha ya maswali kabla ya kwenda, ili siku ya ukaguzi asitangetange.

Hatua ya pili ni kufuatana na mkaguzi mzoefu, kama mwanagenzi anavyomfuata fundi. Mwanafunzi hunyamaza, hutazama na kuandika. Jioni hulinganisha alichoandika yeye na alichoandika mwalimu wake.

Hatua ya tatu ni kukagua mwenyewe, mwalimu akiwa kando. Ikiisha hiyo, na mwalimu akaridhika, ndipo aandikwe katika orodha ya wakaguzi.

Katika hatua zote atafundishwa njia tatu za kupata ushahidi: kuuliza, kutazama na kusoma maandishi. Njia moja peke yake haitoshi. Mtu aweza kusema vizuri na kutenda vibaya, na daftari laweza kujazwa na mtu aliyekaa kitako. Lakini maneno, matendo na maandishi yakipatana yote matatu, hapo mkaguzi aweza kusema, "Nimeona."

Atafundishwa pia kuuliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "siyo". Ukimwuliza mtu, "Je, unapima joto la samaki kila saa?" atasema "Ndiyo," na wewe huna ulichopata. Mwambie, "Naomba unionyeshe unavyopima," nawe utaona mengi.

Sikilizeni mazungumzo haya ya mfano. Mkaguzi ni binti wa idara ya kufungasha. Anayekaguliwa ni mzee wa chumba cha barafu. Kiwanda kimeandika katika utaratibu wake kwamba samaki katika chumba hicho asizidi digrii 2 za joto.

MKAGUZI: Habari za kazi, Mzee?

MZEE: Njema, binti yangu. Umekuja kunikamata?

MKAGUZI: La, Mzee. Nimekuja kujifunza kazi yako, maana mimi najua kufungasha tu. Samaki akifika hapa hufanywa nini?

MZEE: Hutiwa barafu, kisha nampima joto, naandika.

MKAGUZI: Naomba unionyeshe unavyopima.

MZEE: Haya, tazama. Digrii 1.

MKAGUZI: Naam, naiona. Na katika daftari naona kila saa ni 1 au 2, na mwandiko ni safi. Na kipimajoto chenyewe, Mzee, hupimwa lini?

MZEE: Kipimajoto kipimwe? Hicho ndicho kipimacho!

MKAGUZI: Kweli. Lakini tukikitia katika barafu iliyopondwa pamoja na maji safi kidogo, waonaje?

MZEE: Haya, tukijaribu.

Wakakitia, wakakoroga, wakangoja dakika chache. Kipimajoto kikasimama kwenye digrii 3 chini ya sifuri.

Wanafunzi wa sayansi wamekwisha kuona hatari. Barafu inayoyeyuka katika maji safi huwa digrii 0. Kipimajoto kile, basi, kilisema pungufu kwa digrii 3. Kiliposema 1, samaki alikuwa 4. Kiliposema 2, samaki alikuwa 5. Mzee hakudanganya hata mara moja. Aliandika kwa uaminifu uongo wa chombo chake.

(Mtu atauliza: kwa nini hawakutumia maji yanayochemka? Kwa sababu maji huchemka kwenye digrii 100 huko pwani ya bahari tu. Kando ya ziwa letu, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, maji huchemka karibu na digrii 96. Asiyelijua hilo atakihukumu kibaya kipimajoto kizuri. Barafu haitudanganyi hivyo.)

6. KUANDIKA LILILOONEKANA

Sasa binti yetu aandike nini? Mkaguzi asiyefundishwa angeandika: "Mzee wa chumba cha barafu ni mzembe. Samaki wameharibika." Maneno hayo yana makosa mawili. La kwanza ni hukumu juu ya mtu, nayo si kweli. La pili ni dhana, maana hajapima kama samaki wameharibika.

Aliyefundishwa huandika mambo matatu: kanuni, ushahidi, na tofauti kati yake. Mathalani:

"Utaratibu wa kiwanda wataka samaki katika chumba cha barafu asizidi digrii 2. Leo saa 4 asubuhi, kipimajoto cha chumba hicho kilionyesha digrii 3 chini ya sifuri katika barafu inayoyeyuka, hali kilipasa kuonyesha 0. Hayakupatikana maandishi ya kuonyesha kwamba kimewahi kupimwa. Kwa hiyo joto lililoandikwa katika daftari haliwezi kutegemewa."

Someni tena. Hapana jina la mtu, hapana neno la ukali, wala hapana neno linaloweza kukanushwa. Hata mzee mwenyewe aweza kutia sahihi yake chini, na yafaa aombwe kufanya hivyo, kwa kuwa aliyaona yote.

Tena jambo la namna hii halingoji ripoti ya mwisho wa wiki. Panapo hatari kwa wale watakaokula, mkaguzi amwambie msimamizi saa ile ile. Samaki waliomo wapimwe kwa chombo kizuri, na wale waliokwisha kutoka watafutwe kwa namba zao katika madaftari, ijulikane wako wapi na wana hali gani.

7. KUTAFUTA MZIZI

Kubadili kipimajoto ni kutibu homa. Ugonjwa bado. Viwanda vya Toyota vya Japani vilijulisha ulimwengu desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano, kila jibu likizaa swali. Tufanye hivyo.

Kwa nini joto liliandikwa vibaya? Kwa sababu kipimajoto kilikuwa kimeharibika. Kwa nini hakikugunduliwa? Kwa sababu hakikupimwa. Kwa nini hakikupimwa? Kwa sababu hakimo katika orodha ya vyombo vinavyopimwa kila mwezi. Kwa nini hakimo? Kwa sababu orodha ilitengenezwa na maabara, ikataja vyombo vya maabara tu. Kwa nini kosa hilo halikuonekana miaka yote? Kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeikagua maabara. Aliyekuwa mkaguzi wa kiwanda kizima alikuwa yule yule msimamizi wa maabara!

Mnaona tumerudi wapi? Kikulacho ki nguoni mwako. Bwana yule alikagua idara tano kwa bidii, na ufa ulikuwa katika ya sita, ambayo ni yake. Hakuwa na nia mbaya. Alikosa mwenzake wa kumwonyesha kisogo.

Dawa, basi, ni kuiandika upya orodha ili vyombo vyote vya idara zote viwemo. Na baada ya miezi miwili au mitatu, mkaguzi arudi kutazama: Je, vyombo vyote vinapimwa kweli, au orodha mpya imefungiwa katika saraka? Kazi ya ukaguzi haiishi mpaka marudio hayo yafanyike.

Sasa fikirini kama mkubwa wa kiwanda angemfukuza mzee. Atakayewekwa mahali pake angepewa chombo kile kile, na uongo ungeendelea. Tena watu wote wa kiwanda wangejifunza somo moja: mkaguzi akija, ficha. Kwa kumwonea mtu mmoja, macho ya watu wote yangefumbwa.

8. MAGUMU YA KAZI HII

Nisiwadanganye kwamba kazi hii ni nyepesi. Mkaguzi wa ndani hukaa na wale anaowakagua. Hula nao, huzikana nao, na pengine mmoja wao ni shemeji yake. Siku atakapoandika jambo lisilopendeza, wengine watamwita mpelelezi. Siku atakapoacha kuliandika, atakuwa amewauza wale wale rafiki zake, maana mnunuzi akifunga mlango, wote watarudi nyumbani mikono mitupu. Tuliyaona hayo mwaka 1999.

Kuna jambo moja la kumsaidia, nalo ni kutokuwa peke yake. Wakiwa sita, hapana mtu awezaye kusema, "Fulani ananichukia," kwa kuwa kila mmoja hukagua na kila mmoja hukaguliwa. Aibu ya leo kwako ni ya kesho kwangu, na kwa hiyo kila mtu hujifunza kuuliza kwa upole na kujibu kwa ukweli.

Jambo la pili li mikononi mwa mkubwa. Kanuni zataka matokeo ya ukaguzi yapelekwe kwa wakubwa wanaohusika, na makosa yarekebishwe bila kukawia. Mkubwa akizisoma ripoti na kuwashukuru walioonyesha makosa, ukaguzi utakuwa na uhai. Akizifungia mezani, hata akifundisha watu mia moja, atakuwa ametwanga maji.

9. TUANZE HAPA HAPA

Wanafunzi wapenzi, tusingoje mpaka tuajiriwe. Shuleni tuna viranja wa ghala la chakula, wa maktaba, wa maabara na wa bweni. Kila mmoja wao hujitazama mwenyewe, na kila mmoja husema kwamba kwake mambo ni shwari. Je, tukiwafundisha kidogo, kisha kiranja wa maktaba akakague ghala, wa ghala akague maabara, wa maabara akague bweni, na wa bweni akague maktaba? Mzunguko umekamilika, na hapana anayemkagua mkaguzi wake. Naamini mawe katika maharagwe yataonekana kabla hayajavunja jino la mtu, na siku mkaguzi wa shule atakapokuja hatutahitaji chokaa nyingi.

MASWALI

1. Taja namna tatu za ukaguzi, na utoe mfano mmoja wa kila namna kutoka mahali unapoishi.

2. Duka la ushirika lina idara nne na wakaguzi wanne, mmoja kutoka kila idara. Panga nani akague idara gani, bila mtu kumkagua anayemkagua yeye. Kuna njia ngapi za kupanga?

3. Kiranja aliandika: "Mpishi ni mvivu, chakula huchelewa." Andika upya maneno hayo kwa kutaja kanuni, ushahidi na tofauti.

4. Kipimajoto chaonyesha digrii 2 juu ya sifuri katika barafu inayoyeyuka. Kikisema kwamba samaki ana digrii 3, joto lake la kweli ni ngapi? Je, kosa hili lina hatari sawa na lile la chumba cha barafu? Eleza.

5. Chagua jambo moja linaloharibika mara kwa mara katika bweni lenu. Uliza "kwa nini" mara tano, uandike majibu. Ikiwa jibu la mwisho ni jina la mtu, anza tena.